Njia ya Haydom: kutoka kifafa hadi usahaulifu wa wazee

Barabara itokayo Mbulu mjini hupita Dongobesh, na baada ya kilomita zipatazo 80 hufika Haydom, mji uliokua kando ya hospitali yake. Zamani hapa palikuwa pori la mbung'o, likafyekwa ili watu wahamie. Mwaka 1955 misheni ya Kilutheri kutoka Norway ikafungua hospitali. Kwenye mabenchi yake utawakuta Wairaqw, Wadatoga, Wanyiramba na Wahadzabe, watu ambao lugha zao zina asili nne tofauti.

Oscar Baumann alipita nchi hii mwaka 1892 akichora ramani ya mabonde na maziwa. Njia ninayoifuata mimi ni nyingine: ile ya watu waliotaka kujua ugonjwa umejificha wapi ndani ya kichwa. Sehemu yake moja ilianzia mbali sana na hapa. Tarehe 3 Novemba 1906, Mbulu ikiwa ndani ya koloni la Wajerumani, daktari Alois Alzheimer alisimama mbele ya wenzake mjini Tübingen, akawaeleza habari za Auguste Deter. Mama huyo alilazwa Frankfurt mwaka 1901 akiwa na miaka 51, na kumbukumbu zilimtoka hata akashindwa kuandika jina lake. Alipofariki, Alzheimer aliupaka ubongo wake dawa ya fedha, akaona kwa hadubini madoa nje ya seli na nyuzi zilizosokotana ndani yake. Leo tunajua kwamba madoa yale ni protini iitwayo amiloidi beta, na nyuzi zile ni protini ya tau.

Hadubini yake ilionyesha kwamba protini zimerundikana, lakini haikuonyesha zimejikunja vipi. Jibu la swali hilo lilihitaji sumaku. Mwaka 1946 Felix Bloch na Edward Purcell, kila mmoja na kundi lake huko Marekani, walitangaza kwamba viini vya atomu vikiwekwa ndani ya sumaku kali na kupigwa mawimbi ya redio, hujibu kwa masafa yao wenyewe. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1952, miaka mitatu kabla Haydom haijafungua milango. Masafa hayo hubadilika kidogo kufuatana na atomu zilizo jirani, kwa hiyo anayeyasoma anaweza kujua nani amekaa karibu na nani. Kwa njia hiyo Kurt Wüthrich alionyesha maumbo ya protini zilizoyeyushwa majini, na mwaka 2002 naye akapata Nobel.

Amiloidi ilikuwa ngumu zaidi kwa sababu nyuzi zake haziyeyuki. Wanasayansi hulazimika kuizungusha sampuli ikiwa kavu au nusu kavu maelfu ya mara kwa sekunde, ikiwa imeinamishwa kwa digrii 54.7 kutoka uelekeo wa sumaku. Mwaka 2013 Robert Tycko na wenzake walichapisha umbo la nyuzi walizozikuza kutokana na tishu za ubongo za wagonjwa wawili wa Alzheimer. Kila mgonjwa alikuwa na umbo lake. Matokeo hayo naona yana uzito mkubwa kuliko yanavyosemwa: jina la ugonjwa ni moja, protini ni ileile, lakini imejikunja kwa namna mbili katika watu wawili tu. Basi sayansi itakayowasoma watu wa nchi chache haitakuwa imeusoma ugonjwa wote.

Kwa mgonjwa aliye hai, usomaji huo wa masafa, uitwao spektroskopia, hufanyika ndani ya mashine ya MRI. Huko hauoni amiloidi yenyewe. Hupima kemikali ndogo za ubongo, kama ile ya seli za neva inayopungua kadiri seli hizo zinavyoharibika.

Mbulu si ngeni katika kazi ya kutafuta chanzo cha maradhi ya ubongo. Mwaka 2004 Helena Ngowi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzake walichapisha matokeo ya kukagua ndimi za nguruwe hai 770 katika vijiji 21 vya wilaya hii: asilimia 17.4 walikuwa na vifuko vya mabuu ya tegu. Mwaka 2009 daktari wa mfumo wa neva Andrea Winkler, akishirikiana na Haydom, alichapisha utafiti wa mlango kwa mlango uliowafikia zaidi ya watu 7,000. Ulikuta karibu watu 11 katika kila 1,000 wana kifafa. Walipopiga picha vichwa vya wagonjwa 212, kwa 38 waliona dalili za mabuu ya tegu kwenye ubongo. Familia zilizoambiwa kwa miaka mingi kwamba mtoto wao amerogwa zilipata jibu lingine, na choo bora na nyama iliyoiva vikawa kinga ya kifafa.

Kwa wazee, hatua ya kwanza imekwisha kupigwa mkoa jirani. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti waliwachunguza watu 1,198 wenye miaka 70 na zaidi katika vijiji sita. Asilimia 6.4 walikuwa na ugonjwa wa usahaulifu, na karibu nusu yao ulikuwa wa Alzheimer. Vipimo vilivyotengenezwa huko havimtaki mzee ajue kusoma: anapanga njiti za kibiriti kwa mchoro, anataja wanyama, anakumbuka maneno kumi aliyosomewa.

Kutoka Haydom niliendelea Basotu hadi Katesh, chini ya Mlima Hanang. Sumaku ya kuchunguza protini haihitajiki Katesh ili kazi ianze. Njiti za kibiriti zipo kila duka, na wahudumu wa afya wa vijiji wanajua kila nyumba yenye mzee. Huko Mbulu nako, nyumba zilezile zilizoulizwa habari za kifafa ziulizwe na habari za babu na bibi. Nawe msomaji, mzazi wako akianza kupotea njia ya kisimani aliyoizoea tangu ujana, usingoje na usitafute mchawi. Mpeleke hospitali, kwa maana shinikizo la damu, upungufu wa vitamini na sonona navyo huleta usahaulifu, na hivyo vina tiba.