Grafu za Deni la Taifa: Zinavyopotosha Hoja za Wanasiasa

Deni la Taifa ni jumla ya fedha ambazo serikali imekopa, ndani na nje ya nchi, na bado haijazilipa. Hesabu ile ile ikichorwa kwenye grafu yaweza kutisha au kutuliza, kutegemea mchoraji anamtetea nani.

Hila inayojulikana zaidi ni mhimili wima usioanzia sifuri. Deni likipanda kutoka asilimia 65 hadi 70 ya pato la taifa, na mchoro ukaanzia 60, nguzo ya pili huonekana ndefu mara mbili ya ile ya kwanza.

Kisha kuna kipimo. Wapinzani huchora shilingi, serikali huchora asilimia ya pato la taifa. Asilimia nayo si salama: Septemba 2014 Kenya ilirekebisha takwimu zake, pato likaongezeka kwa takriban asilimia 25, na uwiano wa deni ukashuka bila senti kulipwa. Mwaka 2023 mambo yaligeuka. Dola ilipanda kutoka takriban Sh123 hadi Sh156 za Kenya, hivyo deni la dola likavimba kwa shilingi hata pasipo mkopo mpya.

Mfanyabiashara hukutana na deni hilo forodhani. Tozo ya Maendeleo ya Reli ilianza 2013 kwa asilimia 1.5 ya thamani ya bidhaa zinazoingizwa kutumika Kenya, ili kugharimia reli mpya iliyojengwa kwa mikopo. Grafu inayomfaa ni ya sehemu ya kodi inayokwenda kulipa madeni, na hiyo ni nadra kuonyeshwa jukwaani.