Safari ya Mario kutoka runingani hadi kiganjani

MZIGO wa mpagazi wa Kinyamwezi katika karne ya 19 ulikuwa na kipimo chake. Kwa kawaida haukuzidi sana frasila mbili, yaani kilo 30 na ushei, na kila bidhaa iliyotoka pwani kwenda Tabora, iwe nguo za merikani, ushanga au masango ya shaba, ilifungwa upya hadi itoshe bega la mtu mmoja. Robota la nguo lililofungwa hivyo liliitwa mtumba, neno ambalo leo limehamia kwenye nguo zilizokwisha kuvaliwa. Taabu ilikuwa kwa kitu kisichokubali kugawanyika.

Henry Morton Stanley aliionja taabu hiyo mwaka 1874, alipoleta kutoka Uingereza mashua yake, Lady Alice, ikiwa imeundwa kwa vipande ili ibebwe hadi Ziwa Viktoria. Ilipofika Unguja vipande vilionekana vizito mno kwa wapagazi, ikabidi seremala avikate upya kabla msafara haujavuka kwenda bara. Mashua hiyo ilifika ziwani ikaelea, ingawa haikupitia Tabora. Baada ya Ugogo msafara uliiacha njia kuu ukageukia kaskazini.

Karne moja baadaye, wahandisi wa Japani walikabiliwa na swali la namna hiyo hiyo katika shughuli isiyofanana kabisa na biashara ya misafara. Walikuwa na michezo ya kompyuta iliyobuniwa kwa ajili ya runinga, na walitaka kuiingiza katika kifaa kinachoshikwa mkononi. Nini kibebwe, nini kikatwe, na nini kiachwe pwani?

Michezo inayohusika hapa ni ile ya majukwaa, ambayo vijana wengi wa mijini huijua kwa jina la mhusika kuliko kwa jina la aina yake. Mchezaji humwongoza mtu mmoja anayekimbia, kuruka mashimo na kupanda kutoka jukwaa hadi jukwaa. Super Mario Bros., iliyotolewa na kampuni ya Nintendo mwaka 1985 chini ya uongozi wa Shigeru Miyamoto, ndiyo iliyoweka sura ya michezo hiyo, na kaseti zake zimeuzwa zaidi ya milioni 40. Ilihitaji mashine, umeme na runinga. Sharti la mwisho halikuwa dogo kwa mtu wa Tabora: Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwaka 1973, lakini Tanzania Bara ilipata vituo vyake vya kwanza mwaka 1994. Kwa nchi za namna hiyo, kifaa chenye kioo chake chenyewe na kinachotumia betri kilikuwa na maana kubwa kuliko ilivyodhaniwa huko kilikotengenezwa.

Jaribio la kwanza la kuhesabika lilifanyika mapema. Gunpei Yokoi, mhandisi wa Nintendo, alikuwa amebuni mwaka 1980 vifaa vidogo vilivyoitwa Game & Watch. Inasimuliwa kwamba wazo lilimjia ndani ya treni, alipomwona abiria akipoteza muda kwa kubonyeza kikokotoo. Mwaka 1982 alipewa Donkey Kong, mchezo wa kumbi za burudani ambamo fundi anapanda ngazi kumfuata sokwe aliyemteka mwanamke. Mashine ya ukumbini ilikuwa kabati zima lenye kijiti cha kuongozea. Kijiti hakiwezi kuingia mfukoni.

Yokoi hakujaribu kukifupisha. Alibuni kitufe bapa chenye umbo la msalaba, kinachobonyezwa kwa kidole gumba kimoja kwenda juu, chini, kushoto na kulia. Mchezo wenyewe ulipunguzwa sana na kioo kikagawanywa viwili vinavyokunjwa kama kitabu, lakini msalaba ule ulidumu. Mwaka uliofuata ulipelekwa kwenye mashine kubwa ya kampuni hiyo, Famicom, na tangu hapo ni mashine chache zilizoukosa. Mara nyingi husemwa kwamba mchezo wa mkononi ni mabaki ya ule wa runingani. Hapa kijana ndiye aliyemfundisha mzee.

Aprili 1989 Nintendo ilitoa Game Boy, kifaa cha mkononi kinachobadilishwa kaseti, kazi ya kikosi cha Yokoi na mwenzake Satoru Okada. Siku hiyo hiyo ilitoka Super Mario Land, ambayo Okada aliiongoza na Yokoi akaisimamia, bila mkono wa Miyamoto. Ni katika mchezo huu ambapo kazi ya kuhamisha inaonekana vizuri, na tarakimu chache zinatosha kuieleza.

Famicom ilichora picha ya nukta 256 kwa 240. Kioo cha Game Boy kilikuwa na nukta 160 kwa 144. Ukizidisha, ya kwanza inapata nukta 61,440 na ya pili 23,040, yaani chini kidogo ya asilimia 38. Rangi hazikuwapo, kulikuwa na vivuli vinne tu, kutoka weupe wa kijani hadi weusi. Tena kioo kilikuwa kizito wa kubadilika, kiasi kwamba kitu kinachokwenda kasi kiliacha ukungu nyuma yake.

Mtu angedhani tatizo lilikuwa nafasi ya kumbukumbu. Sivyo. Kaseti ya Super Mario Land ilikuwa na kilobaiti 64, wakati Super Mario Bros. nzima ilitosha katika kilobaiti 40. Mchezo wa mfukoni ulikuwa na ghala kubwa kuliko mzazi wake. Kilichopungua ni dirisha.

Na mchezo wa majukwaa ni mchezo wa dirisha. Mchezaji anaruka kwa sababu ameliona shimo mapema. Asipoliona, hashindwi kwa uzembe bali kwa kunyimwa habari. Kikosi cha Okada kilichukua hatua mbili. Kwanza, Mario alichorwa mdogo sana, ili eneo lililo mbele yake liendelee kuwa refu kwa kulinganisha na hatua zake. Pili, nyuma yake paliachwa karibu peupe, bila vichaka wala mapambo mengi, ili ukungu wa kioo usimfiche adui. Ukiutazama mchezo huo leo unaonekana mkavu. Ukavu huo ulikuwa uamuzi.

Hatua zilikuwa 12 tu, katika falme nne zilizofanana na Misri, bahari, Kisiwa cha Pasaka na China. Gamba la kobe, ambalo katika mchezo wa awali hupigwa teke likateleza, hapa hulipuka. Moto wa Mario uligeuka mpira unaodunda kutoka ukutani. Katika sehemu mbili mchezaji anaacha kukimbia kabisa: anaendesha nyambizi, kisha ndege. Wapenzi wa Mario bado wanabishana iwapo huo ni mchezo wa Mario halisi, na wenye kusema kwamba ni mtoto wa kando hawakosi hoja. Hata hivyo ulinunuliwa kwa zaidi ya nakala milioni 18, na unamalizika katika muda usiofika saa moja, muda unaolingana na foleni ya hospitali au kungoja basi.

Washindani walichukua njia nyingine. Kampuni ya Sega ilitoa Game Gear mwaka 1990, ikiwa na kioo cha rangi chenye taa ndani yake, kitu ambacho Game Boy haikuwa nacho. Mwaka uliofuata ikampeleka humo Sonic, kalunguyeye wake wa buluu mwenye kasi. Kazi ya awali, iliyofanywa na kampuni ya mtunzi wa muziki Yuzo Koshiro, ilikuwa ya busara: haikunakili mchezo wa mashine kubwa ya Mega Drive, bali ilibuni hatua nyingine nyingi na kuacha vile vizingo vya duara ambavyo Sonic huzunguka kichwa chini.

Tatizo lilijitokeza mwaka 1992 katika Sonic ya pili. Mchezo ulitengenezwa kwa mashine ya runinga ya Master System na kwa Game Gear pia. Ya kwanza ilikuwa na nukta 256 kwa 192, ya pili 160 kwa 144, na hivyo mchezaji wa mkononi aliona chini ya nusu ya uwanja ule ule. Mwishoni mwa eneo la kwanza kuna pambano ambamo mipira inadunda ikishuka mteremko kumwelekea Sonic. Mwenye runinga huiona ikija. Mwenye Game Gear hukutana nayo ikiwa imekwisha kufika. Wachezaji wengi waliishia hapo, katika pambano la kwanza la mchezo waliolipia bei kamili.

Kasi ndiyo iliyokuwa bidhaa ya Sonic, na kasi ndiyo isiyovumilia dirisha dogo. Mario anaweza kutembea. Kalunguyeye anayetembea hana habari.

Halafu kulikuwa na betri. Game Gear ilikula betri sita ndogo za AA kwa saa tatu hadi tano. Game Boy ilitumia nne, na zilidumu zaidi ya saa kumi. Msafiri wa reli ya kati aliyewasha Game Gear wakati treni ikiondoka Dar es Salaam angekuwa gizani kabla ya kufika Dodoma, huku Tabora ikiwa bado mbali. Hesabu hiyo iliwagusa hata wanunuzi wa nchi tajiri. Game Gear iliuzwa takribani milioni 10, na Game Boy pamoja na ndugu yake wa rangi wakavuka milioni 118. Yokoi alikuwa na msemo wa kutumia teknolojia iliyokwisha kuzeeka kwa namna mpya, kwa kuwa ni rahisi na tabia zake zinajulikana. Kioo kile cha kijani kilichochekwa na wengi kilikuwa ushahidi wake mkubwa.

Si kwamba kila mchezo wa Game Boy ulihamishwa vizuri. Mwaka 1994 kampuni ya Uingereza ya Rare ilitikisa soko kwa Donkey Kong Country, mchezo wa Super Famicom ambao picha zake zilichorwa kwanza kwa kompyuta za gharama kubwa ili zionekane kama vitu halisi. Mwaka 1995 ilitoa Donkey Kong Land kwa ajili ya Game Boy, na ikaamua kubeba kile kile kilichosifiwa: manyoya, magome ya miti, vivuli vya msituni. Katika vivuli vinne vya kijani, sokwe aliungana na mti na mti ukaungana na adui. Kazi hiyo inastahili heshima kama ustadi wa kiufundi, lakini ni vigumu kuicheza bila kukodoa macho.

Njia ya tatu ilikuwa kusubiri vifaa vikue. Mwaka 1999 Super Mario Bros. yenyewe iliingia kwenye Game Boy Color, hatua kwa hatua bila kubadilishwa, kwa jina la Super Mario Bros. Deluxe. Kwa kuwa kioo kilibaki na nukta 160 kwa 144, pande zilikatwa, na watengenezaji wakampa mchezaji uwezo wa kusogeza mtazamo juu na chini kabla ya kuruka. Ni kiraka, na kinaonekana kuwa kiraka, lakini kinakiri tatizo waziwazi.

Game Boy Advance ya mwaka 2001 ilipanua dirisha hadi nukta 240 kwa 160, ikakaribia upana wa mashine za runinga za miaka ya 1990. Nintendo ikaanza kuhamisha Mario za zamani moja baada ya nyingine. Hapo tatizo likawa mwanga. Kioo hakikuwa na taa, na rangi nzito zilizopendeza runingani zilizama gizani, kwa hiyo watengenezaji walizipausha makusudi. Mtu akiicheza michezo hiyo leo kwenye kioo chenye taa, mbingu za Mario zinaonekana zimefifia kama kanga iliyofuliwa mara nyingi. Desemba mwaka huo huo Sega, iliyokuwa imejitoa katika biashara ya kutengeneza mashine, ilimleta Sonic kwenye kifaa cha mpinzani wake wa zamani katika Sonic Advance. Safari hii hatua zilibuniwa upya kwa kioo hicho, na kasi ikapata pa kukimbilia.

Kifaa cha mkononi kilichoenea Tabora kuliko hivyo vyote ni simu, na simu haina msalaba wa Yokoi. Vitufe vikichorwa kwenye kioo, vidole gumba hufunika uwanja ule ule ambao mchezaji anapaswa kuuona. Nintendo ilipotoa Super Mario Run mwaka 2016, ilikwenda mbali kuliko Okada mwaka 1989: iliondoa hata uamuzi wa kukimbia. Mario anakwenda mwenyewe, na mchezaji anagusa kioo kwa kidole kimoja ili aruke. Simu inashikwa wima, mkono wa pili ukiwa huru.

Mzigo ulikuwa umepungua hadi kidole kimoja, ila kitu kimoja kiliongezwa. Mchezo huo ulipotoka ulidai simu iwe imeunganishwa na intaneti muda wote, hata kwa mtu anayecheza peke yake. Super Mario Land ya mwaka 1989 ilihitaji betri nne tu na ingechezwa popote kwenye reli ya kati, hata katikati ya pori. Mrithi wake wa 2016 ulikoma kila mtandao ulipokatika au bando lilipokwisha.