Uzingativu kama tiba baada ya kiharusi

Uzingativu ni zoezi la kutuliza fikira kwenye pumzi na hisia za mwili kama zilivyo wakati huo, bila kuzipinga wala kuzikimbia. Kwa aliyenusurika kiharusi ni tiba ya ziada, kando ya dawa za presha na mazoezi ya viungo. Hauamshi mkono uliopooza. Kazi yake kubwa ni kwa moyo uliovunjika.

Presha katika Nakuru

Picha nzuri ya presha ya juu, chanzo kikuu cha kiharusi, katika eneo la Nakuru, Kenya, ilitokana na utafiti wa macho. Mwaka 2007 na 2008, timu ya daktari wa macho Wanjiku Mathenge ilizunguka vijiji na mitaa ya wilaya ya Nakuru ya wakati huo kuwachunguza watu wa miaka 50 na zaidi. Walikuwa wakitafuta upofu, lakini walipima presha pia. Kati ya watu zaidi ya 4,300, karibu nusu walikuwa na presha ya juu. Ni idadi ya kutisha, hasa kwa ugonjwa usiouma: mtu hupalilia viazi Molo asubuhi, na jioni mdomo umepinda, mguu hauinuki.

Asili

Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianzisha huko Worcester, Massachusetts, Marekani, mafunzo ya uzingativu kwa wagonjwa wa maumivu sugu, ambayo leo huchukua wiki 8. Aliyachota katika mafunzo ya Kibudha, kisha akayavua vazi la dini. Muumini wa mitaa ya Bondeni au Kaptembwo mjini Nakuru anayeshtuka kusikia asili hiyo hana haja ya kuacha sala zake.

Wanasaikolojia Zindel Segal, Mark Williams na John Teasdale waliyageuza mafunzo hayo kuwa tiba ya sonona inayojirudia, katika kitabu chao cha 2002. Hapo ndipo kiharusi kinapoingia, kwa kuwa takriban theluthi moja ya wanaonusurika hupatwa na sonona. Mapitio ya mtafiti Maggie Lawrence na wenzake kuhusu uzingativu baada ya kiharusi, yaliyotoka 2013, yalikusanya tafiti 4 tu zenye washiriki 160. Matokeo yalitia moyo kuhusu wasiwasi, sonona na uchovu wa akili. Ushahidi wenyewe ulikuwa mwembamba.

Zoezi lenyewe

Mgonjwa huketi au kulala, akafuata pumzi, kisha akapitisha fikira mwilini kuanzia vidole vya miguu hadi utosini. Ugumu huanza fikira zinapofika upande uliokufa ganzi. Hapo haambiwi ajilazimishe kuhisi. Huambiwa akae hapo kidogo, hata kama hakuna kitu, kisha asonge mbele. Ubongo ulioumia upande wa kulia huweza kuusahau kabisa upande wa kushoto, hata mtu akala nusu ya sahani ya githeri na kuiacha nusu nyingine. Kwa huyo, mwongozaji humgusa bega.

Mwenye afasia, yaani aliyepotewa na uwezo wa kusema au kuelewa maneno, huhitaji maneno mafupi, tena ya lugha aliyolelewa nayo. Katika Nakuru huenda ikawa Kikuyu, Kikalenjin au Kiswahili, wakati mwingine zote nyumba moja.

Upatikanaji

Hospitali ya rufaa ya kaunti, ambayo wenyeji wengi bado huiita PGH, jina lake la enzi za mikoa, iko Nakuru mjini. Kwa mgonjwa wa Olenguruone, vikao 8 vya mafunzo vikifanyika huko vingekuwa nauli za matatu mara 8, kwenda na kurudi, tena pamoja na mtu wa kumshika mkono. Sauti ya mwongozaji iliyorekodiwa kwenye simu, mjukuu akiwa kando, hupunguza safari hizo.