Kuyatafuta Makazi ya Wazee Wetu Katika Kariakoo

Mtu akitaka kujua asili ya mwenziwe, kwa desturi humwuliza: "Kwenu ni wapi?" Naye akijibu kuwa kwao ni Dar es Salaam, aulizaye hucheka, kisha hulirudia swali lake: "Sawa, lakini kwenu hasa ni wapi?" Swali hilo lina sababu yake, maana watu wengi wa mji huu, ama wao wenyewe ama wazazi wao, walihamia kutoka kwingine. Hata hivyo limetuzoeza kosa moja, nalo ni kudhani kuwa kijiji peke yake ndicho chenye historia, na kwamba mji ni mahali pa kazi tu. Katika makala haya twakusudia kuonyesha kuwa mtaa wa mji nao una wazee wake, na kwamba iko njia ya kuwatafuta, ijapokuwa kuta walizozijenga zimekwisha kubomolewa. Mfano wetu ni Kariakoo, kwa kuwa huko ndiko tulikokwenda kuwatafuta wa kwetu.

Hatuna budi kuanza na mahali penyewe. Kabla ya Dar es Salaam palikuwapo Mzizima, kijiji cha pwani. Katika miaka ya 1860 Sultani Majid bin Said wa Unguja alianza kujenga mji kando ya bandari yake, lakini alifariki mwaka 1870 kazi ikiwa haijakamilika. Wajerumani waliufanya mji huo makao makuu ya utawala wao mwaka 1891. Wakati huo sehemu tuiitayo leo Kariakoo ilikuwa nje ya mji, nchi ya minazi. Wajerumani walijenga hapo jengo la soko, lakini vita vya mwaka 1914 viliingia kabla halijatumika. Waingereza walipouteka mji Septemba 1916, waliweka hapo kambi ya wapagazi wa jeshi lao, kikosi walichokiita kwa lugha yao Carrier Corps. Vinywa vya watu wetu vikalifinyanga jina hilo hata likawa Kariakoo. Kule Nairobi nako kuna Kariokor, na asili yake ni hiyo hiyo.

Basi jina hili, ambalo siku hizi hutukumbusha vitenge, viatu na bei za jumla, halikuzaliwa katika furaha. Wapagazi wale walikuwa wanakijiji waliochukuliwa, wengi wao kwa nguvu, wakatwikwa vyakula na risasi za vita visivyowahusu. Makumi ya maelfu yao walikufa, na waliouawa na maradhi na njaa walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi. Hata majina ya mitaa yasimulia habari hiyo hiyo. Narung'ombe, Tandamti na Mahiwa ni majina ya mahali huko kusini, katika nchi za Kilwa na Lindi, palipopiganwa vita vikali mwaka 1917. Mwanafunzi apitaye Mtaa wa Mahiwa kwenda kununua daftari hupita juu ya kumbukumbu ya vita, wala hakuna aliyemwambia.

Baada ya vita, mji uligawanywa kwa namna ambayo wazee wetu waliieleza kwa maneno matatu: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Serikali ya kikoloni haikuandika kuwa mgawanyo huo ni wa rangi. Ilisema ni wa aina za majengo. Lakini kanuni ya majengo ilitosha kuwatenga watu, maana Mwafrika wa siku zile angepata wapi fedha za kujenga nyumba ya mawe? Uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi uwe mpaka kati ya Uhindini na Uswahilini. Ng'ambo ya uwanja huo, Kariakoo ikapimwa viwanja kwa mistari iliyonyooka. Mwaka 1923 lile jengo la Wajerumani likaanza kazi yake ya soko, na watu wakajenga.

Walichojenga ni nyumba ambayo wengi wetu tumelelewa ndani yake. Mbele ilikuwa na baraza. Mlango ukifunguliwa ulikupeleka ukumbini, na vyumba vilipangwa huku na huku, aghalabu vitatu kila upande. Nyuma kulikuwa na ua wenye jiko na choo, na pengine mti wa kivuli. Kuta zilikuwa za miti na udongo; paa lilikuwa la makuti, au la madebe yaliyopondwa yakawa mabapa, na baadaye la bati. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili, na vingine alivipangisha. Hivyo Mzaramo, Mmanyema, Mnyamwezi na Mngoni walichota maji pamoja, wakazikana na kuozeshana. Ni katika mitaa hii, kwenye nyumba iliyokuwa Mtaa wa New Street ambao leo ni Lumumba, TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954.

Sasa tuseme habari ya safari yetu. Shangazi yetu, aliyezaliwa mwaka 1940, alituomba tumpeleke akapaone mahali kilipozikwa kitovu chake, kabla hajafumba macho. Tulikwenda watu watatu: yeye, sisi, na mjukuu wake aliye kidato cha tatu, ambaye tulimpa daftari la kuandikia. Katika ukoo wetu, nyumba ile ilitajwa siku zote kuwa ni nyumba ya babu. Tena ilikuwako hadithi, iliyonong'onwa kila palipokuwa na msiba, kuwa babu alidhulumiwa nyumba hiyo. Tulikwenda, basi, tukiwa na huruma kwa shangazi na uchungu kidogo moyoni.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa majina. Shangazi alihesabu njia zake zote kuanzia Kichwele, na vijana tuliowauliza hawakuijua. Ilitubidi sisi tuwaeleze kuwa Kichwele ndiyo barabara iitwayo Uhuru. Kikwazo cha pili kilikuwa alama. Mwembe aliokuwa akiutafuta haukuwapo, na kisima kilikuwa kimefukiwa. Pale alipokumbuka baraza, tuliona maghorofa yenye maduka chini na maghala juu. Soko lenyewe alilolijua utotoni lilikwisha kuondoka, likachukuliwa nafasi na lile lililobuniwa na msanifu wetu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, ambalo nalo liliungua Julai 2021. Lakini msikiti haukuhama. Ulikuwa umejengwa upya kwa ghorofa, ila mahali pake palikuwa pale pale, kwa kuwa ardhi ya wakfu haiuzwi. Shangazi aliusimamia msikiti huo kama nahodha asimamiavyo dira, akahesabu nyumba kwa kidole, akasimama mbele ya duka la kanga. "Hapa," alisema. "Ukumbi wetu ulikuwa hapa, na kitovu kiko huko nyuma, uani."

Kidole cha mzee ni ushahidi mkubwa, lakini mwandishi wa historia hutafuta na ushahidi wa pili. Tulikwisha kuulizia kumbukumbu za viwanja kwa jina la babu bila kupata kitu, nasi tulidhani makaratasi yamepotea. Jioni ile shangazi alifungua sanduku lake, akatoa stakabadhi za kodi ya kiwanja, zimekuwa njano na kukatika mikunjoni. Jina lililoandikwa halikuwa la babu. Lilikuwa jina la binti fulani, na huyo binti ni bibi yetu. Yeye ndiye aliyekuja kutoka Kisarawe, akauza vitumbua alfajiri kwa miaka mingi, akaweka senti juu ya senti, akajenga. Babu alikuja baadaye, naye aliingia kwa mpangaji wa kwanza kisha akawa mume.

Tukauliza habari ya dhuluma. Shangazi alinyamaza kwanza, kisha akasema: "Hakudhulumiwa mtu, mwanangu. Mama aliuza kwa hiari yake mwaka 1958. Baba yako alichaguliwa kuendelea na masomo, na ada ilikuwa haipatikani. Babu yako aliona haya kusema kuwa mkewe ndiye aliyesomesha, akaona afadhali isemwe kuwa nyumba ilichukuliwa." Baada ya mauzo hayo wote walihamia chumba cha kupanga Magomeni.

Tulikuwa tumekwenda kutafuta tulichopokonywa, tukakuta tulichopewa. Kalamu tunayoandikia makala haya ilinunuliwa kwa nyumba ile. Lakini jina la aliyeinunua lilikwisha kufutika katika masimulizi ya ukoo, si kwa hila ya mgeni yeyote, bali kwa haya yetu wenyewe. Nasi hatukuwa na ukoo wa ajabu. Wanawake wenye nyumba hawakuwa wachache katika Kariakoo ya zamani. Na mtu awatafutaye wazee wake kwa majina ya wanaume peke yao atazikosa nyumba nyingi.

Jambo jingine tulilojifunza ni kiasi. Kujua walipokaa wazee si sawa na kudai pawe petu. Walijenga juu ya kiwanja walichokilipia kodi, na kabla yao palikuwa na wapagazi, na kabla ya wapagazi palikuwa na watu walioipanda minazi ile. Kila kizazi kimekaa hapa baada ya wengine, na muuza kanga wa leo naye ana wajukuu watakaoulizia duka lake. Tunachostahili kukidai ni habari zisipotee.

Kwa hiyo twawaomba walimu wa historia wawatume wanafunzi wao kwa wazee wa mitaa, wakiwa na maswali machache yaliyo wazi. Mtaa huu uliitwaje zamani? Ni kitu gani hapa hakijahama? Nyumba ilikuwa kwa jina la nani, na je, mwanamke alikuwamo katika jina hilo? Waliokaa waliondoka kwa sababu gani? Majibu yaandikwe, yalinganishwe na makaratasi kila yapatikanapo, kisha yachorwe ramani. Yule kijana wetu wa kidato cha tatu amekwisha kuchora ya kwake. Juu ya duka la kanga ameandika jina la bibi yetu, jina lake kamili na la baba yake, kama lilivyo katika stakabadhi. Shangazi aliitazama ramani hiyo kwa muda mrefu, akaomba aongezewe mwembe, akaonyesha kwa kidole mahali uliposimama.