Figo, adrenalini na presha ya damu

Msikilizaji, ukikutana na nyoka shambani, moyo hudunda. Figo nazo hupata habari. Neva hutoa noradrenalini, na tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini kwenye damu. Kemikali hizi hushika vipokezi vya beta-1 kwenye seli maalumu za figo, kama ufunguo kwenye kufuli. Ndani ya seli, kemikali iitwayo saikliki AMP huongezeka, na seli hutoa renini. Renini huanzisha hatua zinazobana mishipa na kubakiza chumvi mwilini, presha hupanda.

Dawa ya presha kama atenololi huziba vipokezi hivyo, vya figo na vya moyo. Ukiiacha ghafla kwa sababu umepata nafuu, moyo unaweza kudunda kupita kiasi na presha kupanda upya. Muone daktari kwanza.