Parabole moja, vyumba vingi: juu ya nini kukata kable na kuigawanya hakutoshi

Tuseme ni parseli moja ya Buluo, mu Likasi: nyumba kubwa yenye salo na vyumba viwili, na anexi nyuma kwa ajili ya vijana. Parabole iko moja, dekoderi iko mu salo. Baba wa nyumba ananunua dekoderi ya pili kwa ajili ya anexi, pamoja na abonema yake. Fundi anakata kable, anaweka katikati kigawanyo, kale kasanduku kadogo ka chuma kenye mafundi wanaita spliteri, kisha anavuta kable ingine mupaka anexi. Siku ile televizio zote mbili zinaonyesha muzuri. Kesho yake, saa ya habari, picha ya salo inapotea. Vijana wakibadilisha shene, inarudi. Nyumbani wanaanza kulaumiana, dekoderi inapelekwa kutengenezwa, feza inatoka. Lakini hakuna kitu chenye kiliharibika.

Kable haiko bomba la maji

Watu wengi wanafikiri kable ya parabole ni kama bomba: ukiigawanya, kila mutu anapata maji yake. Haiko vile. Ile kable inashusha picha, lakini inapandisha amri vilevile.

Satelaiti iko karibu kilometa 36.000 juu ya ikweta. Mawimbi ya bandi ya Ku, yenye parabole ndogo za nyumbani zinapokea, yako kati ya gigahezi 10,7 na 12,75. Kable ya nyumbani ingeyapoteza karibu yote. Njo maana kichwa cha parabole, kile chenye kinasimama mbele ya sahani, kinayashusha kwanza mupaka kati ya megahezi 950 na 2150, kisha kinayatuma mu nyumba.

Kichwa hakiwezi kutuma yote mara moja, juu nafasi ya ku kable haitoshi. Kwa hiyo mawimbi yamegawanywa mafungu mane, na dekoderi njo inachagua. Inapandisha volti 13 ili kuomba mawimbi ya kusimama, ao volti 18 ili kuomba mawimbi ya kulala. Ikitaka sehemu ya juu ya bandi, inaongeza mutetemo wa kilohezi 22. Zile volti njo chakula cha kichwa vilevile. Bila hizo hakifanyi kazi.

Sasa funga dekoderi mbili ku kichwa cha mulango mumoja. Moja inaomba volti 13, ingine 18. Kichwa kinafuata volti ya juu, na mwenye aliomba 13 anabaki bila picha. Kama wote wawili wanaangalia shene za fungu moja, wote wanaona. Njo maana ule "ugonjwa" unakuja na kwenda, na njo maana kwa jirani kigawanyo kinaweza kuonekana kinafanya kazi: pengine shene zenye wanaangalia ziko zote mu fungu moja.

Kuna hatari ingine. Kigawanyo cha bei ndogo chenye hakina kizuizi ndani kinaweza kuacha volti za dekoderi moja ziingie mu ingine na kuiharibu.

Njia ine zenye zinafaa

Ya kwanza: kichwa cha milango miwili ao mine. Kila mulango unasikia dekoderi yake peke yake. Parabole inabaki ileile. Unabadilisha kichwa na kuvuta kable moja kwa kila chumba, bila kuikata njiani. Kwa parseli ya kawaida, hii njo njia muzuri zaidi. Lakini kila chumba kinaomba dekoderi yake, na kwa shene za kulipia, kila dekoderi inaomba haki yake ya abonema.

Ya pili: dekoderi moja, picha moja mu vyumba vyote. Hapa unatumia modilateri. Inachukua picha yenye kutoka ku dekoderi na kuiweka ku namba moja ya antena ya kawaida, kati ya megahezi 470 na 862. Kutoka pale, kigawanyo kinafaa, juu hakuna amri yenye kupanda tena: picha inashuka tu. Chumba chote kinaitafuta kwa mulango wa antena wa televizio. Ubaya wake ni kwamba wote wanaona shene moja. Mutu wa anexi akitaka kubadilisha, inaomba aende mu salo. Kabla ya kununua, angalia kama modilateri inakubali fishi ya dekoderi yako (nyekundu, nyeupe na njano, ao HDMI), na kama televizio zako zinasoma mufumo wake.

Ya tatu: multiswichi. Ni ya hoteli na majengo ya vyumba vingi. Kichwa cha pekee kinatuma mafungu yote mane kwa kable ine, na kasanduku ka katikati kanapatia kila dekoderi fungu lenye inaomba. Multiswichi nyingi zinaomba umeme wao. Umeme wa pale ukikatika, jengo lote linabaki bila picha, hata kwa mwenye chumba chake kina jenereta.

Ya ine: kichwa cha kable moja, chenye kinapatia kila dekoderi nafasi yake ku kable ileile. Katika mufumo wa kwanza wa namna hii, kable moja inaweza kulisha mupaka dekoderi 8. Inasaidia mu nyumba yenye kable imekwisha kufungwa ndani ya ukuta. Lakini inaomba dekoderi yenye kujua mufumo ule. Uliza kabla ya kulipa.

Kable yenyewe

Kable ya satelaiti ni ya ome 75, na ile yenye wanaita RG6 njo inafaa. Hata ikiwa muzuri, ku megahezi 2150 inapoteza karibu desibeli 30 kwa metre 100. Metre 20 ni desibeli 6: tayari robo tatu ya nguvu imepotea. Kigawanyo cha njia mbili kinakata nusu ingine, na zaidi kidogo.

Angalia vilevile maandishi ya ku kigawanyo. Kile chenye kimeandikwa 5–1000 MHz ni cha antena. Karibu mawimbi yote ya parabole hayapiti pale. Cha satelaiti kinafika 2400 ao karibu. Fishi zikazwe muzuri, waya ndogo za inje zisiguse shaba ya katikati. Za inje zifungwe na mpira ili maji yasiingie, juu maji yenye imeingia mu kable haitoki tena.

Mvua, radi na delestaji

Mu Haut-Katanga, kuanzia karibu Novemba mupaka Aprili, radi haicheke na mutu. Parabole yenye iko juu ya mabati ni chuma, na kable yake inafika mupaka ku televizio ya watoto. Nguzo ya parabole na ganda la kable zifungwe ku waya wa ardhi, ule wenye unatumika na umeme wa nyumba. Wingu likikaribia, chomoa dekoderi ku umeme na kable ya parabole vilevile. Kuzima na telekomandi hakutoshi. Hata hivyo, hakuna waya wenye unazuia radi yenye kupiga nyumba moja kwa moja.

Delestaji nayo inaharibu: umeme ukirudi kwa nguvu, dekoderi njo inaumia ya kwanza. Stabilizateri inasaidia. Na kabla ya kufungua ao kufunga fishi, chomoa dekoderi kwanza. Waya mumoja ukigusa ganda wakati volti ziko njiani, dekoderi inaweza kufa mu mikono ya fundi.

Kupitisha kable ku parseli ya jirani, hapana. Umeme wa nyumba mbili unaweza kukutana ku ganda la kable, na mwenye kushika fishi anapigwa. Tena mikataba mingi ya abonema inaruhusu nyumba moja tu.

Kabla ya kumulipa fundi, umuulize mambo matatu: kichwa kina milango mingapi, kila dekoderi itakuwa na kable yake ao hapana, na waya wa ardhi utapita wapi. Kama jibu ni "tutaweka spliteri tu," feza yako ibaki kwanza mu mufuko.