Visima Vyetu na Mchanga wa Mto: Habari za Maji ya Nyumbani Tangu Enzi za Wazee



Katika taarifa za miaka iliyopita tumezoea kuandika habari za ada, za mazishi, na za watoto waliosaidiwa karo. Mwaka huu Halmashauri imetuagiza tuongeze kurasa chache juu ya jambo lililoleta maombi mengi ya mkopo kuliko jingine lolote, nalo ni kukauka kwa visima vya nyumbani huko kwetu Machakos na Makueni. Mwanachama yuko kazini Nairobi. Mwezi wa Septemba anapigiwa simu kwamba ndoo imeshuka kisimani ikapanda na tope. Naye, bila kuuliza zaidi, aja kwa Mtunza Hazina kuomba fedha za kuwalipa wachimbaji washuke futi kumi nyingine. Hatumlaumu, maana mama na watoto hawawezi kungoja. Walakini twaona ni vema kueleza kwanza maji hayo yalitoka wapi na yamekwenda wapi, kwa sababu fedha nyingi za wanachama zimeishia katika mwamba mkavu.

Hapo kale watu wetu hawakuwa na desturi ya kuchimba kisima kando ya nyumba. Mito yetu mingi, ukiacha Athi na vijito vichache vya milimani, hutiririka siku za mvua tu, kisha hubaki mchanga mtupu. Mgeni akiutazama atasema mto umekufa. Mama zetu walijua kwamba maji yamelala chini ya mchanga ule. Walifukua kwa mikono na kwa kata mpaka unyevu ukageuka kuwa maji, wakazungushia miiba ili mifugo isichafue, na ng'ombe wakachimbiwa shimo lao mbali kidogo. Kiangazi kilipozidi, shimo lilishuka, hata mtu akaingia ndani na mwenzake akapokea kibuyu juu. Mahali pa kuteka maji namna hiyo twapaita kithima, na ndilo neno lile lile tunalolitumia leo kwa kisima kilichojengwa kwa mawe na saruji. Wenyeji wa Kithimani, huko Yatta, wanalichukua neno hilo katika jina la mji wao.

Hatusemi kwamba enzi zile zilikuwa za raha. Njaa ya 1898 na 1899, ambayo wazee waliiita Ngomanisye, iliua watu wengi ingawa mashimo ya mtoni yalikuwapo, kwani mtu hali mchanga. Twasema hivi ili kijana asidhani tunataka kumrudisha kwenye kibuyu.

Mambo yaligeuka nchi ilipowekewa mipaka. Serikali ya kikoloni iliwafungia watu wetu na ng'ombe wao ndani ya Rizavu, na ardhi zilizozunguka zikawa mashamba ya walowezi au mali ya Serikali. Ng'ombe walizidi kukanyaga mahali pale pale, majani yakaisha, na vilima vikabaki vipara. Mvua ikinyesha juu ya kilima cha namna hiyo haiingii ardhini. Hukimbia yote kwa saa chache, ikichukua udongo. Mwaka wa 1937 afisa wa hifadhi ya udongo, Bwana Colin Maher, aliandika taarifa ndefu juu ya uharibifu wa Machakos. Dawa iliyochaguliwa na Serikali ilikuwa kuwanyang'anya watu ng'ombe. Mwaka wa 1938 mifugo ilikamatwa na kuuzwa kwa bei duni, ndipo maelfu ya watu wetu, wanaume kwa wanawake, walipokwenda Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu kumtaka Gavana awasikilize. Mbingu alihamishiwa Lamu, lakini kabla ya mwaka kwisha kulazimisha huko kuliachwa. Wazee hukumbuka sana safari ile kwa sababu ya ng'ombe. Sisi twaikumbuka pia kwa sababu ya maji, maana ugonjwa wa ardhi ulikuwa wa kweli. Kilichokuwa cha dhuluma ni tiba yake.

Baada ya vita vya pili vya dunia ikaja mipango ya ALDEV, yaani maendeleo ya ardhi za Waafrika, iliyoanza mwaka wa 1946. Ndipo yakachimbwa mabwawa ya udongo tunayoyaita silanga. Mengi yalijaa udongo baada ya miaka michache, kwa sababu vilima vya juu yake vilikuwa bado vipara, na mengine jua liliyanywa. Kuchimba matuta nako kulichukiwa mwanzoni, kwa kuwa kulikuwa kwa amri. Lakini katika miaka ya 1950 kazi ilipotolewa kwa mwethya, ule ushirika wetu wa kale wa kusaidiana shambani, na watu wakaruhusiwa kuchagua tuta la fanya juu ambalo udongo wake hutupwa upande wa mlima, mambo yalibadilika. Wanawake ndio waliobeba sehemu kubwa ya kazi ile. Wataalamu Tiffen, Mortimore na Gichuki walionyesha katika kitabu chao cha mwaka wa 1994 kwamba tangu miaka ya 1930 hadi 1990 watu wa Machakos waliongezeka karibu mara sita, na bado ardhi yao ikawa katika hali nzuri zaidi kuliko ile aliyoiona Bwana Maher. Jambo hili si dogo, na wazee wetu hawajasifiwa vya kutosha kwa ajili yake.

Katika miaka ile ile ya 1950 vilijengwa huko kwetu na Kitui vizuizi vichache vya namna nyingine, yaani mabwawa ya mchanga. Ukuta wa mawe na saruji hujengwa kukata korongo, ukikaa juu ya mwamba. Mafuriko yanapokuja huleta mchanga, nao hujaa nyuma ya ukuta, na ndani ya mchanga hubaki maji. Mchanga wa chembe kubwa waweza kushika maji yapatayo robo ya ujazo wake au zaidi, na yakiwa chini kiasi cha mita moja jua karibu halifiki. Twaomba wanachama wafikiri juu ya ukuta huo. Haukuleta elimu ngeni. Uliinua tu mlango wa kithima cha mama zetu. Tangu mwisho wa miaka ya 1970 vikundi vya watu wetu wenyewe vimejenga kuta nyingi za namna hii, mawe yakibebwa kichwani.

Sasa tuje kwenye kisima cha nyumbani. Mashamba yalipopimwa na kila mtu kupewa hati, watu walihamia juu ya mashamba yao, mbali na mto, na mwenye nguvu akachimba kisima chake. Nchi yetu kwa sehemu kubwa ina mwamba mgumu chini, na juu yake tabaka la mwamba uliooza na udongo. Maji ya kisima cha mkono hukaa katika tabaka hilo. Kisima kilicho mteremkoni hungoja mvua iliyonywewa na shamba la juu; basi matuta ya jirani aliye juu yako ndiyo mfereji wa kisima chako, na mikaratusi iliyopandwa kandokando ni wanywaji wenzako. Kisima kilicho karibu na mto hunywa kutoka katika mchanga wa mto. Mchanga ukiwa umejaa, maji husimama juu na kuingia kingoni pande zote mbili. Mchanga ukiondolewa, maji hushuka hadi mwambani nayo hukimbia.

Hapa ndipo penye neno gumu ambalo hatuwezi kulikwepa, ijapokuwa litawaudhi wengine miongoni mwetu. Nairobi imejengwa kwa mchanga wetu. Malori yameingia mitoni mchana na usiku, na mahali ambapo babu zetu walizama kifuani katika mchanga sasa mwamba unaonekana. Mwenye shamba kingoni hupokea fedha kidogo kwa kila lori, kisha majira ya kiangazi kisima chake hukauka, pamoja na visima vya majirani ambao hawakupokea hata senti. Ugomvi wa mchanga umekwisha kumwaga damu. Serikali ya Kaunti ya Makueni ilipitisha sheria mwaka wa 2015 ya kuhifadhi na kutumia mchanga, na kuweka mamlaka ya kuusimamia. Lakini sheria haikai mtoni usiku. Katika maombi ya mkopo yaliyotufikia yapo yaliyotoka kingo za korongo moja, na twajua kwamba mchanga wa korongo hilo umeuzwa na baadhi ya waombaji wenyewe. Halmashauri imejadili jambo hilo kwa muda mrefu, na wazee wawili waliondoka mkutanoni kwa hasira, wamerudi, twashukuru.

Uamuzi ni huu. Mkopo wa kufukua kisima utatolewa, lakini mwombaji aeleze kina chake, kilichimbwa mwezi gani, na chini kuna nini. Kisima kilichochimbwa Aprili, mvua ikiwa ardhini, hakikufika penye maji ya kiangazi. Hicho chaweza kufukuliwa, na wakati wake ni Septemba na mwanzo wa Oktoba, maji yakiwa yameshuka kabisa, kabla ya mvua za mwisho wa mwaka ambazo kwetu ndizo za kutegemewa zaidi. Penye udongo mlegevu ziteremshwe pete za zege zilizo nyembamba kuliko za juu, ili ukuta wa zamani usibomolewe. Kilichofika mwamba mzima hakitapewa fedha. Familia hiyo itasaidiwa kununua mabati, mifereji ya paa na tangi. Paa la mita za mraba 40, mvua ikinyesha milimita 25, hupokea lita 1,000, ingawa kiasi fulani hupotea.

Wachimbaji wasishuke kabla hewa ya ndani haijajaribiwa. Desturi ya kuteremsha taa ni njema, kwani ikizimika mtu asiingie. Lakini taa haionyeshi sumu ya moshi wa mashine, kwa hiyo mashine ya petroli isiteremshwe kisimani kamwe. Watu wawili wenye nguvu wakae juu na kamba wakati wote.

Kwa walio kingoni mwa korongo, Halmashauri imetenga fungu moja la ukuta wa mchanga, litakalotolewa pale tu wenye mashamba ya pande zote mbili watakapotia sahihi mbele ya wazee kwamba lori halitaingia tena. Hadi tunapopiga chapa taarifa hii, upande wa mashariki wamekwisha kutia sahihi wote. Upande wa magharibi wamebaki wanne. Wazee watakwenda kuonana nao mwezi wa Januari. Hesabu ya fungu hilo na ya mikopo ya visima imo katika ukurasa wa Mtunza Hazina.